Msimlaumu mtu macho, laumuni kitazamio

Kuna maneno yananipandisha presha kila nikiyasikia: "Wewe macho yako hayaoni stereo." Stereo ni picha mbili pacha, moja kwa kila jicho, ambazo zikiungana zinaonekana zina kina. Juzi nimeyasikia tena maneno hayo. Mwenye slaidi kampa mama mmoja mtu mzima kitazamio chake cha plastiki, kile kiboksi cha lenzi mbili cha kuchungulia slaidi pacha. Mama anachungulia, anakisogeza kushoto, anakisogeza kulia, anafumba jicho moja, mwishowe anasema anaona ukungu na mpaka wa fremu umekatika. Jamaa hata hakukigusa kitazamio. Alimpima mama wa watu macho palepale, bila shahada wala miwani ya majaribio, akatoa hukumu. Na mama akaomba radhi! Mtu anaomba radhi kwa kuwa uso wake haukuumbwa kwa vipimo vya kiwanda.

Nilimpa changu. Nikazisogeza lenzi zikaribiane kidogo, nikamwambia azungushe fokasi, ile ya kuiweka picha wazi isiwe na ukungu, mwenyewe taratibu. Akanyamaza. Kisha akamgeukia mwenye slaidi: "Mbona hukusema kuna mtu nyuma ya huo uzio?"

Basi tuelewane. Kwa watu wazima, umbali kati ya mboni mbili ni wastani wa milimita 63 hivi, ila wapo wenye 56 na wapo wenye 70, na wote ni wazima wa afya. Kitazamio ambacho lenzi zake zimegandishwa mahali pamoja kimetengenezewa mtu wa wastani, na huyo mtu mimi sijawahi kukutana naye. Asiyelingana naye analazimika kuchungulia pembezoni mwa lenzi badala ya katikati. Huko pembezoni, hasa kwenye lenzi ya plastiki ya kipande kimoja, mistari inapinda, kingo za vitu zinaota pindo za buluu na nyekundu, na upande mmoja wa picha unafifia. Ubongo unahangaika kuunganisha picha mbili zisizofanana ubora, kichwa kinauma, halafu anatokea mjuzi anasema tatizo ni macho. Ni sawa na kumvisha mtu kiatu kinachombana kisha ukamwambia ana miguu mibovu.

Na msiniambie kwamba marekebisho hayo ni anasa ya kisasa. Kamera ya Stereo Realist, ya kupiga picha pacha za stereo, iliingia sokoni Marekani mwaka 1947, na kitazamio chake kile chenye kitufe chekundu, cha kampuni ya David White ya Milwaukee, kilikuwa na lenzi za vioo vilivyounganishwa ili kuua hizo pindo za rangi, kilikuwa na fokasi, na kilikuwa na namna ya kusogeza lenzi zifuate macho ya mtazamaji. Enzi hizo! Leo mtu anauza kiboksi cha plastiki chenye matundu mawili na kukiita cha kitaalamu.

Kwa hiyo ukienda kununua, acha kwanza kukodolea macho ngozi ya kasha na herufi za dhahabu. Chukua rula, simama mbele ya kioo, pima umbali wa mboni zako. Kisha weka slaidi, kiweke kitazamio machoni, fumba jicho la kushoto. Unaziona pembe zote nne za fremu bila kusogeza kichwa? Fumba la kulia. Vivyo hivyo? Kama jicho moja limekosa pembe, rekebisha. Kama hakirekebishiki, mrudishie mwenyewe na umshukuru. Anza na umbali wa lenzi, fokasi baadaye. Ukigeuza mpangilio huo utazungusha fokasi mpaka kidole kiote sugu. Mwenye miwani ya kuona mbali au karibu anaweza kuivua na kuiachia fokasi kazi hiyo. Mwenye astigmatizimu, yaani jicho lisilopinda sawa pande zote, abaki nayo, fokasi haimsaidii.

Haya, nakubali kwa shingo upande: wapo watu ambao kweli hawaioni stereo, hasa waliokuwa na makengeza tangu utotoni au jicho moja lililozubaa bila kutibiwa. Lakini hiyo iwe dhana ya mwisho. Kabla yake kuna kitazamio, na baada ya kitazamio kuna wewe uliyezipachika picha mbili kwenye fremu za slaidi. Fremu moja ikipanda juu kidogo kuliko mwenzake, macho yatachoka upesi, kwa sababu jicho moja haliwezi kupanda huku jingine likishuka ila kwa kiasi kidogo sana. Na ukibadilisha ya kushoto ikakaa kulia, milima itageuka mashimo.

Najua kuna atakayenirushia View-Master, kile kitazamio cha watoto cha picha za kwenye kisahani. Ndiyo, ipo tangu 1939, matoleo yake mengi hayana marekebisho yoyote, na watoto wameifurahia vizazi na vizazi. Picha yake ni ndogo, haijazi jicho, ndiyo maana inasamehe mengi. Slaidi ya Realist inayokufunika macho haina huruma hiyo.

Kuhusu urefu wa fokasi ya lenzi, yaani umbali kutoka lenzi hadi pale inapokusanya mwanga wa kitu cha mbali, sitawachosha: ukaribiane na ule wa lenzi ya kamera, la sivyo kina cha picha kitavutika au kitabanwa.

Taa nayo. Balbu ya zamani yenye betri iliyochoka inageuza kila saa ya mchana kuwa magharibi, na nguo nyeupe zote zikawa za kahawia. Taa ya LED ni nafuu, mradi usiweke ile ya kibuluu inayowafanya watu wafanane na maiti. Kitazamio kisicho na taa kielekeze kwenye ukuta mweupe ulioangaziwa vizuri au wingu jeupe, kamwe si kwenye jua. Na betri zitoe kabla ya kukirudisha kabatini, maana zikivuja zinakula vyuma vya ndani, na vipuri vya vitu vya miaka ya hamsini havipatikani kirahisi.