Kwa nini namweka Dokta Remmy kando ya Marvin Gaye

Ubishi wa albamu bora za wakati wote kijiweni kwetu huishia palepale: Thriller ya Michael Jackson. Jumamosi iliyopita tulibishana tena, na mwenzetu mmoja akaja na hoja ya mauzo. Simlaumu. Albamu ya nyimbo tisa, saba kati yake zikaingia kumi bora Marekani, si mchezo. Lakini mauzo yananiambia ni wangapi walinunua. Hayaniambii kama nyimbo zile zinahitajiana.

Kipimo changu ni hicho. Chomoa wimbo mmoja, uone kama iliyobaki itachechemea. What's Going On ya Marvin Gaye, ya mwaka 1971, ukiichomoa kitu inaumia, maana wimbo unaingia ndani ya mwenzake: kijana karudi kutoka vitani Vietnam, kazi hakuna, hewa imechafuka, mtu anamwita Mungu. Jarida la Rolling Stone lilipopanga upya orodha yake mwaka 2020 liliiweka ya kwanza, mahali walipokuwa Beatles mwaka 2003. Hapo niliungana nao kabisa.

Ila kwa upande wetu orodha hizi zina shimo. Bendi zetu za dansi hazikuishi kwa albamu. Wimbo ulirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ukapigwa hewani, ukapendwa, watu wakaufuata ukumbini. Ukiniuliza albamu bora ya Mlimani Park nitakwama, ingawa nyimbo zao naweza kukuimbia mpaka alfajiri. Anayehesabu albamu pekee atapita Dar es Salaam asituone.

Ndiyo maana naishikilia sana Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila, iliyotolewa mwaka 1989 na Real World, lebo ya Peter Gabriel huko Uingereza. Jina la Kiingereza, ndani Kiswahili chetu. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar mwaka 1978, na leo kuna kituo cha daladala Sinza kinachoitwa kwa jina lake.

Mimi niliijua kwa kanda ya kunakili, majina ya nyimbo yameandikwa kwa biki ya bluu, na mkanda ukitoka nje naurudisha taratibu kwa kalamu ileile. Sauti ya Mnyonge, Kipenda Roho, Usingizi, Muziki Asili Yake Wapi. Sikiliza magitaa: la solo linauliza, la pili linaitikia chini yake bila haraka, besi inatembea, halafu Remmy anaingia na ile sauti yenye mikwaruzo, kama mzee anayekuita barazani akueleze jambo. Mapenzi, huzuni na unyonge vinakaa nyumba moja.

Wapo wanaosema albamu ile ilisafishwa mno kwa masikio ya wazungu. Kuna ukweli. Ukumbini wimbo ulipewa nafasi, sebene likaachwa lichemke mpaka watu waloe jasho, na studio haina vumbi lile. Nalikosa vumbi hilo. Hata hivyo, kila nikiichomoa Sauti ya Mnyonge, zile nyingine zinachechemea.

Jumamosi hii naenda kijiweni na spika. Nitawapigia yote, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka wimbo, ndipo tuendelee kubishana.