Kabla ya droni kulikuwa na pembetatu

Ahsante mwandishi, ila hadithi ya kupima ardhi na kuchora ramani umeianzia katikati. Unasema Unguja na Pemba zilianza kupigwa picha kwa droni 2016, kama vile kabla ya hapo wapimaji walikuwa wakibahatisha. Sivyo bwana! Mpimaji akipima mstari mmoja tu chini, taratibu mno. Kule India mwaka 1802, mpimaji Mwingereza William Lambton alimaliza siku 57 kwa mstari wa maili 7 na nusu. Baada ya hapo ni kupanda vilimani na theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, na kusoma pembe kutoka ncha za mstari ule hadi alama ya tatu. Pande mbili zilizobaki za pembetatu zinatoka kwa hesabu, bila kuburura mnyororo wa kupimia mabondeni wala kwenye mikoko. (Theodolaiti yake ilikuwa na uzito wa nusu tani, wapagazi wakikoma.)

Kwetu Pemba, kilimani juu ya mikarafuu ya babu, kuna kinguzo cha saruji chenye chuma katikati. Utotoni tulikuwa tukikikalia kula mafenesi, tukidhani ni kaburi. Nilipofika skuli ndipo nikajua kuwa ni alama ya wapimaji, ncha ya pembetatu kama hizo. Na mpaka wetu na jirani? Ni mnazi, nao ulishaanguka zamani, sasa tunagombania kisiki.