Nilivyoiambia Swichi "Amka"

Wadau, naona Kassim, mwenzangu wa kazi ya mitandao, ameshaniwahi kusimulia ajali yangu ya jana kwenye swichi. Toleo lake linazunguka kwenye magrupu tangu jana jioni, na asubuhi hii watu watatu wamenisalimia kwa neno moja tu: "Amka!" Basi na mimi niseme langu kidonda kikiwa bado kibichi. Niweke sawa jambo moja mapema: niliandika "amka". Sikuandika "amka basi mpenzi". Hilo "basi mpenzi" ni chumvi ya Kassim, na akija hapa chini kubisha, muulizeni ushahidi.

Swichi yenyewe, kile kifaa kinachounganisha kompyuta na simu za jengo kwenye mtandao, niliiandaa mwenyewe mezani, na hapo sina cha kuonea haya. Kebo ya konsoli (waya wa kuongea na swichi moja kwa moja, bila kupitia mtandao), terminali kwenye kasi ya 9600, biti 8 za data, bila pariti, biti 1 ya kikomo. Jina kwanza, kisha kikoa, maana ukikimbilia kutengeneza ufunguo wa RSA, ule wa kuficha mawasiliano, kabla ya hivyo viwili inakukatalia palepale: inataka jina lisilo "Switch" na inataka ip domain-name. Ufunguo wa biti 2048. Halafu ip ssh version 2 (SSH ndiyo njia ya kuingia kwenye swichi ukiwa mbali, mazungumzo yakiwa yamefichwa), mtumiaji mwenye secret badala ya password, line vty 0 15 (milango ya kuingilia kwa mbali) yenye login local na transport input ssh. Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwa mbali, nje, kwa sababu telnet hupitisha nenosiri barabarani bila nguo.

Usimamizi nikauweka kwenye VLAN 99 (VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya vifaa vilevile), anwani 10.20.99.12, na lango 10.20.99.1 kwa amri ya ip default-gateway. Hiyo ya lango imeumbua wengi. Bila hiyo swichi inakujibu vizuri ukiwa mtandao mmoja nayo, ukihamia mtandao mwingine inakununia, nawe unashinda kutwa ukiilaumu fayawoli. Na kama mezani kiolesura cha VLAN 99 kinakuonyesha up/down hata baada ya amri ya kukiwasha, no shutdown, hakijaharibika. Kinasubiri angalau poti moja hai inayobeba VLAN hiyo. Chomeka waya, kitaamka.

(Ndiyo, neno lenyewe hilo. Chekeni mmalize, niendelee.)

Tukaipeleka jengo la pili, tukaifunga kwenye kabati, poti ya 24 ikawa trunki (njia moja inayobeba VLAN kadhaa) ya kwenda swichi kuu, ikiruhusu VLAN 10 ya wafanyakazi, 20 ya simu za mezani na 99 yangu. Nikahifadhi usanidi. Nikarudi kwenye meza yangu, nikaingia kwa SSH, ikanifungulia. Siku hiyo nilimtangazia Kassim kwamba mimi na ngazi tumeachana rasmi, kila kitu nitafanya nimekaa. Alinitazama bila kusema kitu. Sasa najua alikuwa anahifadhi.

Jana ikaja kazi ya kamera. VLAN 40 mpya, ipite kwenye trunki hiyohiyo. Kassim yuko jengo la pili juu ya ngazi anafunga vishikizo vya kamera, mimi niko kwenye kiti. Nikaanza na swichi kuu, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu Kassim amelificha hili: kule niliandika switchport trunk allowed vlan add 40. Lile "add" lipo. Nina picha ya skrini.

Nikahamia swichi ya mbali. Nikaitengeneza VLAN 40, nikaingia kwenye poti ya 24. Hapa twende polepole, maana mimi mwenyewe nimekwenda nayo polepole usiku kucha.

Ningeweza kunakili mstari uleule wa swichi kuu nikaubandika. Sikunakili. Vidole vilikuwa na moto, nikaandika kwa mkono: switchport trunk allowed vlan 40. Nikaisoma. Naapa niliisoma. Macho yaliona "vlan", yaliona "40", yakapitisha kama mlinzi anayemfahamu mwenye gari. Nikabonyeza Enta.

Kwa msiofanya kazi hii: ukiweka "add", VLAN 40 inaongezwa kwenye orodha. Usipoweka, VLAN 40 inakuwa ndiyo orodha. Kumi imefukuzwa, ishirini imefukuzwa, na tisini na tisa, ambayo ndiyo niliyokuwa nimesimama juu yake kuandika amri hiyo, nayo imefukuzwa. Swichi haikuuliza "una uhakika?" Haina tabia hiyo. Trunki nzima ikabaki barabara ya kamera ambazo wakati huo zilikuwa bado kwenye maboksi.

Kishale kikashuka mstari mmoja, kikasimama.

Ile sekunde ya kwanza unaidanganya nafsi. Unasema mtandao una uzito leo. Nikabonyeza Enta tena. Kimya. Enta mara ya tatu. Kimya cha msikiti usiku. Nikafungua dirisha lingine nikapiga pingi (hodi ya mtandao) kwenda 10.20.99.12, ikahesabu vifurushi vilivyokwenda bila hata kimoja kurudi. Nikarudi dirisha la kwanza, nikapandisha macho kwenye mstari niliouandika, na safari hii nikausoma kama mtu anayesoma hukumu. Vlan. Nafasi tupu. Arobaini. Pale kwenye ile nafasi tupu ndipo "add" ilipopaswa kukaa. Masikio yakapata joto.

Mtu mwenye akili hapo angeinua mikono kutoka kwenye kibodi. Mimi nikaandika "amka". Nikabonyeza na Enta, eti isikie vizuri.

Haikusikia. Nikajiambia nizime poti niiwashe, labda itazinduka. Msiniulize mantiki, kifo hakikuwa cha poti, lakini ukiwa kwenye hali ile kuzima na kuwasha ndiyo dua pekee unayoikumbuka. Nikaandika shutdown, Enta, herufi hazionekani hata kwenye skrini, naandika kama kipofu. Nilikuwa najiandaa kuandika no shutdown, kidole kiko juu ya herufi N, simu ikalia.

Kassim.

"Kaka, watu wote huku wametoka vyumbani. Simu zimekufa, intaneti imekufa. Umegusa nini?"

Nikasema kuna hitilafu ndogo naifuatilia.

"Hitilafu ndogo ya 'add' au nyingine?"

Wadau, jamaa yuko juu ya ngazi, hana skrini mbele yake, na amejua. Inauma. Akashuka, akafungua kabati, na bahati yangu kebo ya konsoli alikuwa nayo mkobani pamoja na laptopu yake. (Angeweza pia kuchomoa umeme wa swichi: nilikuwa sijahifadhi, kwa hiyo ingewaka na usanidi wa zamani. Ila ingezima kila simu inayopata umeme kupitia waya ule, na kwa dakika kadhaa za kuwaka upya watu wangeshika mawe.) Akaingia, akaenda poti ya 24, akaandika switchport trunk allowed vlan add 10,20,99, na lile "add" akalitamka kwa sauti kwenye simu, silabi kwa silabi, kama anafundisha chekechea.

Dakika nne na nusu hivi tangu ajali. Nikamsikia mtu kule nyuma anashangilia. Kassim akasema imerudi. Nikapumua, nikaegemea kiti, mikono nimeiweka mapajani. Ikapita karibu dakika moja ya amani. Nimeanza hata kumuuliza habari za kamera.

Ndipo skrini yangu ikafumbuka. Dirisha lile la kwanza, lililokuwa limeganda, likaanza kutapika mistari. Enta. Enta. Halafu "amka", na chini yake: % Invalid input detected at '^' marker. Kialama kile kimeelekeza kidole kwenye neno langu, kabisa. Halafu, kwa utulivu wote, mbele ya macho yangu, likajiandika lenyewe herufi kwa herufi: shutdown.

Likaganda tena.

Kwenye simu nikasikia zile kelele za vyumbani zinarudi, safari hii zimeongezeka sauti.

"Kaka," Kassim akasema taratibu, "taa ya poti ya 24 imezimika. Konsoli inasema changed state to administratively down."

Administratively ni neno la heshima la kusema kuna mtu. Poti iliyokatika waya huandikwa down tu.

"Umeizima?"

"Mimi? Mikono yangu iko mapajani."

"Tuko wawili tu ndani ya hii swichi." Nikasikia anabonyeza vibonye. Ameandika show users. Akanisomea laini ya vty, akanisomea jina langu la kuingilia, akanisomea anwani ya mashine yangu, tarakimu moja moja. "Huyu ni nani?"

Nikanyamaza kama ile swichi.

Maelezo yake, ambayo nimeyapata baadaye nikiwa nimetulia, ni haya. SSH inasafiri juu ya TCP, msafirishaji wa data mtandaoni, na TCP haitupi ulichoandika kwa sababu tu njia imekatika. Inakiweka foleni na kujaribu kukituma tena na tena. Laptopu yangu ni ya Linux, na Linux haikati tamaa upesi: kila jaribio likishindwa inaongeza muda wa kusubiri maradufu mpaka pengo linafika dakika 2, na inaweza kuvumilia hivyo kwa takriban dakika 15. Kwa hiyo Kassim alipofungua njia hakikutokea kitu mara moja, jaribio lilikuwa katikati ya usingizi wake. Lilipoamka (ndiyo, ndiyo) likafikisha mzigo wote kwa mpangilio: Enta zangu, "amka" yangu, na shutdown yangu. No shutdown haikuwemo kwa sababu sikuwahi kuiandika. Simu ililia. Ningekuwa nimeandika zote mbili, zingefika pamoja, poti ingezima na kuwaka, na leo mngekuwa mnasoma mambo mengine. Kwa maneno mengine Kassim ndiye aliyepiga simu vibaya, ila hilo hataki kulisikia.

Na swichi nayo ilikuwa bado imenishikia mlango. Kwenye vty muda wa kawaida wa exec-timeout ni dakika 10, ndipo mtu aliyekaa kimya anatolewa. Kassim angekuwa mvivu kidogo, angemalizia kishikizo chake kwanza, mimi ningekuwa nimeshatolewa na amri yangu ingefia mlangoni. Haraka yake ndiyo iliyoniponza mara ya pili. Dawa ilikuwa vibonye vitatu: Enta, kisha ~, kisha nukta. SSH iliyoganda inakufa hapohapo, na foleni yake haidumu muda mrefu baada yake. Nalijua hilo miaka mingi. Nimeshawafundisha watu.

Baada ya hapo hakuna la maana. Akaandika no shutdown, kila kitu kikarudi, watu wakaingia vyumbani, nikaomba radhi kwenye simu na kwa maandishi, kamera zikafungwa, zinaona vizuri.

Kosa langu la mwisho la siku lilikuwa hili: Kassim aliniomba nimtumie picha ya skrini yangu "ili tuelewe kilichotokea". Nikamtumia. Nilidhani tunafanya uchunguzi. Ndani ya nusu saa ile picha, yenye "amka" na kile kialama kinachoielekezea kidole, ilikuwa kwenye magrupu manne.

Mmoja wenu ameniuliza kwa nini sikuweka reload in 10 kabla ya kugusa trunki, ili nikijifungia nje swichi ijiwashe upya yenyewe na kurudi kwenye usanidi uliohifadhiwa. Swali zuri. Huwa naweka. Kazi ikienda salama unaandika reload cancel, na ukisahau hiyo cancel, dakika 10 baadaye jengo zima linakujua kwa jina. Yupo aliyesahau, mwezi uliopita, na siyo mimi. Kassim, unataka niendelee?

Leo asubuhi nimeingia tena kwa SSH kukagua na kuhifadhi. Ikanifungulia vizuri, nenosiri likakubali, orodha ya trunki iko sawa, 10, 20, 40 na 99. Nikaona kitu kimebadilika mwanzoni mwa mstari, pale jina la swichi linapokaa. Jamaa jana alikuwa ameketi kwenye konsoli na hakuna aliyekuwa anamwangalia.

AMKA#

Kulibadilisha ni amri moja tu, hostname na jina. Nimeiandika mara mbili. Mara zote mbili nimeifuta kabla ya Enta.