Thomas Stanley na wakwe zake

Ukiwauliza wapenzi wa historia ya Vita vya Mawaridi, ambapo koo za Lancaster na York ziligombea taji la Uingereza, kuhusu lodi Thomas Stanley, wengi watakuambia: kinyonga. Mimi huwa namtetea, japo si mpaka mwisho.

Septemba 23, 1459, huko Blore Heath, Malkia Margaret wa Anjou, mke wa Mfalme Henry VI wa Lancaster, alimsubiri Stanley alete watu wake. Alikuwa nao kama 2,000, maili chache tu kutoka uwanjani, na hakusogea. Woga? Aliyeongoza jeshi la York siku hiyo ni Earl wa Salisbury, baba yake Eleanor, mke wa Thomas. Haya, mwinulie mkweo upanga, kisha jioni urudi nyumbani ukale chakula alichopika bintiye! (Najua, alikuwa na wapishi.) William, mdogo wake Thomas, hakusitasita: alipigana upande wa Salisbury waziwazi, na Bunge likamhukumu kuwa mhaini. Wabunge walitaka Thomas naye ashtakiwe, mfalme akakataa.

Mshika mbili moja humponyoka, lakini ukoo huu ulizishika zote mbili kwa miaka zaidi ya ishirini.

Kwenye mapigano ya Bosworth, Agosti 22, 1485, mambo yalikuwa mazito zaidi. Eleanor alishafariki, na Thomas alikuwa amemwoa Margaret Beaufort, mama yake Henry Tudor, aliyekuja kupigania taji kwa upande wa Lancaster. Mfalme Richard III, wa York, hakuwa mjinga, akamshika George, mwana wa Thomas, awe rehani. Sasa mchague: mtoto wa kuzaa au wa kambo? Thomas akasimama kando, kama kawaida yake. Richard alipomvamia Henry mwenyewe, ni William aliyeteremka na askari wake, na mfalme akauawa. George alitoka mzima. Thomas, ambaye hakurusha hata mshale, akapewa cheo cha Earl wa Derby.

Hapo ndipo utetezi wangu unapoanza kuchechemea. Februari 1495 Henry huyohuyo aliyeokolewa na William, sasa akiwa mfalme, alimkata William kichwa, kwa tuhuma za kumuunga mkono Perkin Warbeck, kijana aliyedai taji. Thomas hakuinua kidole. Kiangazi cha mwaka uleule mfalme alifunga safari hadi Lathom, nyumbani kwa Thomas, na baba wa kambo akamkaribisha mezani.