Kamba ya Yashoda

Anayedai kwamba Uhindu ni ibada ya miungu mingi na hakuna zaidi, naamini hajasoma kwa utulivu maandiko ya bhakti, yaani njia ya kumpenda na kumtumikia Mungu. Bhagavata Purana, andiko takatifu la Kihindu linalosimulia habari za Mungu na wapenzi wake, ambayo kwa hesabu ya jadi ina beti 18,000 katika vitabu 12, inatamka mapema kabisa kwamba ukweli ni mmoja, hauna wa pili, nao huitwa Brahman, Paramatma na Bhagavan. Wafuasi wa Chaitanya, mwalimu wa bhakti wa Bengal (1486–1534), hufafanua kwamba Brahman ni uhai usio na umbo ulioenea kote, Paramatma ni huyo huyo akikaa moyoni mwa kila kiumbe, na Bhagavan ni huyo huyo akiwa Mola mwenye nafsi, anayependa na kupendwa.

Shankara, mwanafalsafa wa Kihindu wa karne ya 8, alifundisha kwamba ukweli wa mwisho hauna sifa, na kwamba kumwabudu Mungu mwenye sifa ni ngazi ya chini. Ramanuja, mwanafalsafa aliyekuja baada yake, alimpinga, akisema kwamba ulimwengu na roho zote ni mwili wa Mungu, na uzuri wake ni wa kweli. Mimi nasimama na Ramanuja, kwa sababu katika sura ya 12 ya Bhagavad Gita, andiko la mazungumzo kati ya shujaa Arjuna na Krishna, ambaye kwa wafuasi wa bhakti ni Mungu mwenyewe katika umbo la mwanadamu, Arjuna anapouliza ni nani aliye bora, Krishna anawatanguliza wanaompenda, ingawa anakiri kwamba wanaomtafuta asiyeonekana nao humfikia, kwa taabu kubwa zaidi.

Hoja hiyo hainigusi popote kama katika kitabu cha 10 cha Bhagavata. Krishna, akiwa mtoto, anavunja chungu cha mtindi, na mama yake Yashoda anataka kumfunga kwenye kinu. Kamba inapungua vidole viwili, anaunga nyingine, inapungua vile vile, anaunga kamba zote za nyumbani na bado vidole viwili vinakosekana. Andiko linaeleza waziwazi kwamba anayefungwa hana ndani wala nje, hana mwanzo wala mwisho. Hatimaye, akiuona uchovu wa mama yake, anakubali kufungwa. Kwangu hii ni falsafa kamili: asiye na mpaka hashikwi kwa nguvu wala kwa elimu, bali hujitoa mwenyewe kwa anayempenda.

Lakini mapenzi hayo hayaishii hekaluni. Katika kitabu cha 3 cha Bhagavata, mwalimu mtakatifu Kapila anamfundisha mama yake, Devahuti, kwamba anayeabudu sanamu huku akimpuuza Mungu aliyemo ndani ya viumbe wote anamimina sadaka yake juu ya majivu. Wala Kapila hakatazi sanamu. Anasema mtu aiabudu, akitimiza wajibu wake, mpaka atakapomtambua Mungu moyoni mwake na mioyoni mwa viumbe wote.