Hakuwa daktari mbaya, ila hakuwa wangu

Mwaka wangu wa tatu hapa Uingereza niliacha kumeza dawa ya presha na sikumwambia daktari. Kila jioni vifundo vya miguu vilivimba, viatu vikawa havinikubali. Dawa yenyewe, amlodipini, huwafanyia hivyo baadhi ya watu. Ni jambo linalojulikana na lina namna ya kurekebishwa. Nilimweleza mara mbili, na mara zote mbili alikuwa anachapa kwenye kompyuta, akasema tuendelee kuangalia, dakika zangu 10 zikaisha. Mara ya tatu akaniuliza kama nameza dawa. Nikajibu ndiyo.

Uongo ule ndio ulionifumbua macho. Yule daktari hakunikosea adabu hata siku moja. Vipimo alinichukua, na dawa aliyoanza nayo ndiyo inayopendekezwa huku kwa sisi wenye asili ya Afrika. Lakini ukifika mahali unampangia daktari wako maneno ya kumridhisha, hapo hakuna tiba tena, hata mkiagana kwa tabasamu. Kwangu hiyo ni dalili kubwa kuliko ukali wa sauti au uso ulionuna. Wapo madaktari wakavu wa maneno ambao ningewakabidhi maisha yangu kesho asubuhi, kwa sababu ukiwaambia kitu wanakifanyia kazi.

Nyumbani Tanzania ningehama kimya kimya. Leo hospitali hii, mwezi ujao ile, daftari mkononi, au bila daftari kama la zamani limepotea. Hatubishani na daktari. Tunaitikia "sawa, daktari", tunatoka, halafu tunakwenda kumuuliza jirani ambaye ni nesi. Tatizo ni kwamba kila tukihama ugonjwa unaanza upya: daktari wa tatu hajui kwamba dawa anayoiandika ndiyo uliyoikimbia kwa wa kwanza. Na kijijini, penye zahanati moja na tabibu mmoja, hata pa kuhamia hakuna.

Huku kuhama ni rahisi kuliko tunavyodhani. Unaweza kumwomba mtu wa mapokezi akupangie daktari mwingine katika kituo kilekile, au ukajiandikishe kituo kingine bila kutoa sababu, na kumbukumbu zako zikakufuata. Kituo kinaweza kukukataa kwa sababu ya msingi, kwa mfano kama kimejaa. Kujiandikisha kwa daktari wa familia hakuhitaji uthibitisho wa hali yako ya uhamiaji. Mkalimani hulipii. Maoni ya daktari wa pili sheria haikupi kama haki, lakini mwongozo wa kazi yao unawataka waheshimu nia yako ya kuyatafuta.

Na bado nawajua wenzetu waliokaa miaka na daktari wasiyemwambia ukweli. Tumelelewa kuona kwamba kumwacha aliyekutibu ni kumvunjia heshima. Inaniuma, kwa sababu nimeona mtu akificha uvimbe kwenye titi kwa aibu ya kuchunguzwa na daktari wa kiume, ilhali alikuwa na haki ya kuomba wa kike, au walau kuwa na msindikizaji chumbani.

Si kila kukataliwa ni sababu ya kuhama. Daktari anayekunyima antibayotiki kwa mafua ya virusi amekutendea wema, na ukimkimbia kwa hilo utapata hasara.

Mimi nilihamia kwa daktari mwingine wa kituo kilekile. Aliangalia faili, akaniuliza, "Kati ya hizi, ipi huwa humezi?" Nikamwambia yote. Alipunguza kipimo cha amlodipini, akaongeza dawa ya aina nyingine, akaniita baada ya wiki 4 kupima presha na damu. Uvimbe ulishuka. Mwezi uliopita nilimwambia kwamba safarini niliruka siku nne. Akaacha kuandika, akanigeukia, akauliza ilikuwaje.