Mbingu: ni mahali au ni hali?

Tulipomzika bibi yangu, mchungaji alifanya jambo ninaloliona kwenye mazishi tangu utoto. Jeneza linashushwa chini kwa kamba, yeye ananyoosha kidole juu: "Mama yetu yuko kule." Ilikuwa yapata saa nane mchana. Nimesimama na beleshi mkononi, likanijia somo la jiografia: dunia inajizungusha, na huku kwetu karibu na ikweta ardhi tuliyoikanyaga inakwenda zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Kidole kilekile, kikiachwa kimenyooka vilevile mpaka saa nane usiku, kingekuwa kinaelekea upande wa kinyume kabisa. Bibi yuko upande gani, basi?

Walioandika kitabu cha Mwanzo hawakuwa na shida hiyo. Kwao anga lilikuwa kitu kilichotandazwa kuyatenga maji ya juu na maji ya chini, na Mungu anakaa juu yake. Wasomi wa Ulaya ya kale wakairithi picha ya Ptolemy, mtaalamu wa nyota wa zama za Warumi: dunia katikati, matabaka ya sayari yakiizunguka, na makao ya Mungu nje ya tabaka la mwisho. Mbingu ilikuwa na anwani. Mwanafalaki Copernicus alipochapisha kitabu chake mwaka 1543 na kuiondoa dunia pale katikati, anwani ikaanza kufutika. Leo hesabu yenyewe haina huruma: kama Yesu alipaa kutoka Mlima wa Mizeituni kwa kasi ya nuru, hadi sasa, miaka karibu 2,000 baadaye, angekuwa bado hajatoka ndani ya galaksi yetu, kundi la nyota ambalo nuru huchukua kama miaka 100,000 kulivuka.

Wapo waliofika hapo wakafunga mjadala kwa furaha. Yuri Gagarin, mwanaanga wa Kisovieti na mtu wa kwanza kufika anga za juu, alipoizunguka dunia kwa dakika 108, tarehe 12 Aprili 1961, ilienezwa kwamba alisema ametazama huko juu na hakumwona Mungu. Katika kumbukumbu za mazungumzo yake na waliokuwa ardhini maneno hayo hayamo. Aliyeipigia debe hoja hiyo ni Nikita Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti wakati huo. Na hata angeyasema, ni hoja dhaifu. Sulemani, siku ya kuliweka wakfu hekalu la Yerusalemu, alishamwambia Mungu kwamba "mbingu hazikutoshi, wala mbingu za mbingu". Mtu wa namna hiyo hakutarajia kumkuta Mungu kilomita 300 na ushei juu ya vichwa vyetu.

Ndiyo maana kanisa likibanwa hushika neno jingine. Julai 1999 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaeleza mahujaji kwamba mbingu si dhana tupu wala si mahali fulani mawinguni, bali ni uhusiano hai na Utatu Mtakatifu. Yaani si mahali, ni hali. Kiswahili chetu kinamkubalia nusu. Ile -ni ya "mbinguni" inadai mahali, na tunaitamka kila tunaposali Baba Yetu. Lakini jisikilize unavyosema: "huko mbinguni", "huko aliko". Husikii mtu akisema "hapo mbinguni". Hiyo ku- ni ya mahali pasipo dhahiri, pasipoonyesheka. Sarufi ina adabu kuliko kidole cha mchungaji.

Nilidhani jibu hilo linatosha. Halitoshi. Wakristo hawakiri hali. Wanakiri ufufuo wa mwili, na mwili unataka pa kukaa. Hata Paulo anaposema "mwili wa roho", bado anasema mwili. Anayetangaza kwamba mbingu ni hali tu amemkwepa mwanafalaki, lakini ameangusha nusu ya imani yake njiani. Wala asidhani waumini watamfuata upesi. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, katika utafiti wake juu ya Wakamba uliochapishwa mwaka 1971, alionyesha jinsi mahubiri ya wamisionari kuhusu mbingu yalivyopokewa kama habari za nchi yenyewe hasa. Nani awalaumu? Ndivyo walivyohubiriwa.

Hata hivyo pigo zito halitoki kwenye darubini. Linatoka kwenye ubongo. Mwaka wake wa mwisho bibi aliniita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani, akaniuliza kama ng'ombe wamerudi. Ng'ombe wenyewe waliuzwa sijazaliwa. Mwaka 2011 mwanafizikia Stephen Hawking aliufananisha ubongo na kompyuta inayozimika vipuri vyake vikiharibika. Hakuna mbingu ya kompyuta mbovu, alisema, hizo ni ngano za watu wanaoogopa giza. Maneno makali, lakini aliyewahi kumuuguza mtu wa namna ile hawezi kuyapuuza. Unamwona mtu akiondoka kidogo kidogo, na mwili bado upo kitandani.

John Polkinghorne, profesa wa fizikia wa Cambridge aliyeacha kazi hiyo akawa kasisi wa Anglikana, alipita njia nyingine. Kwake nafsi si mvuke unaochomoka mwilini. Ni ule mpangilio wa taarifa unaomfanya mtu awe yeye na si mwingine. Kifo kinauvunja, Mungu anaukumbuka, kisha anauvika mwili mpya. Fizikia haiwezi kuthibitisha jambo hilo, na namheshimu kwa kukiri kwamba kifo ni kifo kweli. Ila hapo ndipo ninapokwama: Mungu akumbuke mpangilio upi? Wa bibi aliyejua mpaka wa kila shamba, au wa yule aliyeuliza ng'ombe?

Tulipotoka makaburini tulinawa kwenye beseni moja. Shangazi, aliyemwogesha bibi miezi yote ile, hakuniuliza mbingu ziko wapi. Aliuliza, "Tukionana, atanijua?" Nikasema sijui. Mchungaji alikuwa nyuma yetu akisubiri zamu ya maji. "Hata mimi najiuliza hivyo," akasema, "kwa mama yangu."